Sura ya Sita: Nani Aandikwe Daftarini

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alisimama katika Bunge la London akakiri, kwa niaba ya serikali iliyokana jambo hilo kwa zaidi ya nusu karne, kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni katika zama za Hali ya Hatari. Akasema serikali yake inasikitika kwa dhati, na akatangaza malipo ya jumla ya paundi milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwamo, kwa ajili ya watu 5,228. Wazee waliokuwa wakiifuata kesi yao katika mahakama ya London tangu mwaka 2009 walipata siku ile jambo ambalo wenzao wengi waliingia kaburini bila ya kulipata, nalo ni ungamo la mkosaji. Lakini hesabu ile ya watu 5,228, iliyokuwa faraja kwa walioorodheshwa, ilikuwa pia mpaka, na kila mpaka una walio nje yake. Na waliotiwa kizuizini katika miaka ile walikuwa makumi kwa makumi ya maelfu. Haukupita muda vyama vya wapiganaji wa zamani na vya watoto wao vikashikana mashati juu ya nani ameandikwa, nani ameachwa, na ni chama kipi hasa chenye haki ya kusema kwa niaba ya Mau Mau.

Waliotazama ugomvi huo kwa mbali walitoa hukumu ya haraka: kwamba wazee wameingiwa na tamaa, na kwamba fedha za Mwingereza zimewafarakanisha watu waliokula kiapo kimoja. Mimi siikubali hukumu hiyo, wala sidhani kwamba mtu aliyeifuata tarikhi ya jambo hili kwa utulivu anaweza kuikubali. Tamaa ipo, maana haikosi kuwapo mahali palipo na kitu cha kugawanywa. Lakini tamaa peke yake haielezi kwa nini mfarakano huu ulianza miaka sitini kabla ya fedha hizo, tena msituni, baina ya watu waliokuwa hawana cha kugawana ila njaa, baridi na risasi chache. Chanzo chake ni daftari. Taifa halikupata kuamua, wakati mashahidi walipokuwa hai na kumbukumbu zao bado mbichi, ni nani aliyepigana, ni nani aliyeteswa na ni nani aliyekaa upande wa pili. Likawaachia wapiganaji wenyewe, na baada yao watoto wao, kazi ya kuandikana na kufutana, na juu ya kazi hiyo likaweka ardhi, heshima na fedha.

Turejee basi msituni, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, vijana walioingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya hawakuingia wakiwa jeshi moja lenye amiri mmoja. Waliingia kwa makundi, kila kundi na wilaya yake, kila wilaya na kiongozi wake. Mwezi wa Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, ndani ya Nyandarua, wakaunda baraza la ulinzi chini ya uenyekiti wa Dedan Kimathi. Na mwezi wa Februari 1954 wakaunda chombo walichokiita Bunge la Kenya, Kimathi akiwa Waziri Mkuu wake. Kimathi alikuwa mtu wa kalamu. Alitaka mihtasari ya mikutano, alitaka barua, alitaka vyeo viandikwe na majina yatiwe daftarini, kwa kuwa aliamini kwamba siku ya ushindi ikifika watu wataulizwa walifanya nini, na asiye na maandishi hatakuwa na ushahidi. Katika hili alikuwa na busara kubwa kuliko wengi waliokuja kumrithi.

Stanley Mathenge, aliyewaongoza wapiganaji wa Nyeri na aliyekuwa na heshima isiyo na shaka miongoni mwa watu wa kawaida wa msituni, hakuwa msomi, na hakuukubali utaratibu ambao kwao makarani walipanda vyeo juu ya watu waliotangulia kuishika bunduki. Kwa ajili hiyo upande wake ukaunda chombo chao, Kenya Riigi, wakimlaumu Kimathi na wenzake kwa kujipa ukubwa kwa nguvu ya kusoma na kuandika. Katika mwaka 1955, Riigi walipokuwa wakizungumza na serikali juu ya amani, Kimathi aliwakamata viongozi wao kwa kosa la kuzungumza bila idhini. Wakatoroka, na tangu hapo pande mbili hizo hazikupatana tena. Baadaye Mathenge alitoweka, na habari zikaenea kwamba ameelekea Uhabeshi. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Msomaji ataona kwamba shauri lile la msituni lilikuwa zito, wala halikuwa la watu wapumbavu. Je, cheo kiende kwa aliyetangulia au kwa anayeweza kupanga? Na je, ambaye jina lake halimo katika maandishi, kwa sababu hakujua kuandika, amefanya kidogo kuliko ambaye jina lake limo? Jambo la kuhuzunisha ni kwamba habari nyingi tulizo nazo za mfarakano ule zimetufikia kwa kalamu ya upande wa Kimathi: Karari Njama, mwalimu wa shule aliyekuwa katibu wa Kimathi, alisimulia habari zake katika kitabu alichokitunga pamoja na Donald Barnett, kikatoka mwaka 1966, na ni kitabu chenye thamani kubwa, ilhali Mathenge mwenyewe hakuacha kitabu. Waliokuwa wakilalamika kwamba kalamu imewadhulumu, kalamu ndiyo iliyosimulia malalamiko yao.

Wakati huohuo, nje ya msitu, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiandika daftari lake, na ililiandika kwa uangalifu. Wagikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa upande wa serikali, wakiwamo askari wa ulinzi wa vijiji ambao watu waliwaita homugadi, walipewa vyeti vya utiifu, na katika uchaguzi wa mwezi wa Machi 1957 hakuna mtu wa makabila hayo aliyeruhusiwa kupiga kura bila ya cheti hicho. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha vipande vya mashamba na kuwapa watu hati za kumiliki, wakati wengi wa waliokuwa na dai juu ya mashamba hayo walikuwa kizuizini Manyani, Mackinnon Road, Hola kando ya Mto Tana, au katika kisiwa cha Manda mbele ya Lamu, wasiweze kusimama mpakani na kusema hapa ndipo pangu. Hivyo uhuru ulipofika mwezi wa Desemba 1963, aliyekuwa amesaidia serikali alikuwa na karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo ilikuwa hati ya shamba; aliyepigana alitoka msituni akiwa na nywele zilizosokotana na mavazi ya ngozi, na ushahidi wake wote ulikuwa katika vinywa vya wenzake.

Serikali mpya ilikuwa na nafasi ya kuliandika daftari la upande wa pili. Haikulitaka. Jomo Kenyatta alikwisha kusema hadharani mwaka 1962 kwamba Mau Mau ilikuwa maradhi yaliyokwisha kung'olewa na yasiyopasa kukumbukwa tena. Na baada ya uhuru msimamo wa serikali ulikuwa kwamba wote walipigania uhuru, kila mtu kwa njia yake. Naifahamu hoja ya msimamo huo, wala siidharau, kwa maana katika vijiji vya Nyeri na Murang'a mjane wa mpiganaji na mtoto wa homugadi walichota maji katika mto mmoja, na kiongozi aliyeogopa kisasi hakuwa akiogopa kitu cha kuwazia tu. Lakini ikiwa wote walipigana, basi hakuna mpiganaji. Na ikiwa hakuna mpiganaji, basi hakuna wa kudai. Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria kwa ajili ya Mau Mau, Kenyatta akiwa mmoja wao, alipoendelea kuwadaia ardhi wasio na ardhi alipoteza cheo chake serikalini mwaka 1964, na baadaye Kenyatta mwenyewe alimwuliza mbele ya umati amejifanyia nini yeye nafsi yake, kana kwamba umaskini wa mtu mwaminifu ni izara. Jenerali Baimungi wa Meru, aliyetoka msituni kwa heshima kisha akarudi kwa sababu ya ardhi, aliuawa na askari wa Kenya huru mwanzoni mwa mwaka 1965.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nami nalihesabu kuwa ndilo lililoleta madhara makubwa zaidi. Amri ya kikoloni ya mwaka 1950 iliyopiga marufuku Mau Mau haikufutwa siku ya uhuru, wala katika miaka yote ya Kenyatta na ya Moi. Ilifutwa mwaka 2003, Mwai Kibaki akiwa rais. Kwa muda wa miaka arobaini ya bendera ya taifa, wapiganaji hawakuweza kukutana kisheria kwa jina lao, kuchagua viongozi, kuitana majina na kupingana waziwazi juu ya nani alikuwa wapi. Wakakutana kwa njia nyingine. Huko Nakuru waliunda chama cha kununua ardhi cha waliokuwa wapiganaji wa uhuru, ambacho jina lake la kifupi, Ndeffo, sasa ni jina la mahali katika Njoro. Na katika vyama vya namna hii, ambavyo vilikuwa vingi katika Bonde la Ufa, kuwa mwanachama kulikuwa ni kuwa na hisa, na kuwa na hisa kulikuwa ni kupata shamba. Hapo ndipo jina la mpiganaji na kipande cha ardhi vilipofungwa kamba moja. Mwenye daftari la wanachama alikuwa na ufunguo wa mashamba, na kila uchaguzi wa mwenyekiti ulikuwa, kwa hakika yake, uchaguzi wa nani atagawa. Wanasiasa wa wilaya walilitambua hilo mapema.

Kwa hiyo marufuku ilipoondolewa mwaka 2003, na vyama vikaanza kuandikishwa, watu waliokuwa vijana wa miaka ishirini msituni walikuwa wazee wa miaka sabini, na daftari lilianza kuandikwa kwa kumbukumbu zilizochujwa na nusu karne ya ukimya. Mwezi wa Mei mwaka huohuo jambo lilitokea ambalo linaonyesha hali hiyo kuliko maelezo yangu yote. Mzee mmoja mkulima aliletwa kwa ndege kutoka Uhabeshi hadi Nairobi, akapokewa kwa taadhima na serikali, kwa kuaminiwa kwamba ndiye Mathenge aliyetoweka, amerudi akiwa hai. Hakujua Kigikuyu. Alizungumza Kihabeshi, na mkalimani akawa ndiye kiungo baina yake na watu waliodaiwa kuwa ndugu zake wa damu na wa kiapo. Hata hivyo wapiganaji wa zamani waligawanyika: wapo walioshikilia kwamba ni yeye na kwamba lugha imemtoka kwa wingi wa miaka, na wapo waliosema kwamba taifa limedanganywa. Hatimaye uchunguzi wa damu ulitoa jawabu kwamba siye, naye akarudi kwake. Watu wengi walicheka wakati ule. Mimi sioni cha kuchekwa katika wazee waliomtamani mwenzao kiasi cha kumtambua katika uso wa mgeni, wala katika nchi ambayo haikuwa na karatasi hata moja ya kuwajulisha ukweli kabla ndege haijaruka.

Ndipo ikaja kesi ya London, na pamoja nayo kipimo kipya kilichovuruga vipimo vyote vya zamani. Mahakama ile haikuuliza nani alipigana. Iliuliza nani aliteswa. Wambugu wa Nyingi, mmoja wa wadai, alikuwa Hola siku ile ya tarehe 3 Machi 1959 ambapo mahabusi kumi na mmoja walipigwa hadi kufa, naye kwa ushahidi wake alipigwa hata akazirai na kuwekwa pamoja na maiti. Dai la mtu kama huyo halina haja ya bunduki wala cheo. Lakini ukimweka kando yake mtu aliyekaa miaka mitatu Mlima Kenya na asikamatwe hata mara moja, utaona kwamba kwa kipimo cha London huyu wa pili hana lolote la kudai, na kwa kipimo cha msituni ndiye wa kwanza. Kila mmoja ana haki yake katika mizani yake; vyama vilizitia haki hizo zote katika daftari moja, na kwa kuwa daftari lilikuwa moja, kila jina lililoingia lilionekana limemsukuma mwingine nje. Wakazuka na mawakala, wakiwatoza wazee maskini ada ya kuandikishwa kwa ahadi ya malipo yatakayokuja. Kesi ya pili, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, ilitupwa na Mahakama Kuu ya London mwaka 2018, jaji akiona kwamba muda umepita mno. Na maelfu ya familia zilizokuwa zimejiandikisha zikabaki na stakabadhi za ada.

Mambo haya hayako Kenya tu. Zimbabwe mwaka 1997 serikali ilikubali kumlipa kila mpiganaji wa zamani dola 50,000 za nchi hiyo na pensheni ya kila mwezi, na tarehe 14 Novemba mwaka huo sarafu ya nchi ikaporomoka kwa zaidi ya theluthi mbili katika siku moja. Tume iliyochunguza mfuko wa fidia za vita ilikuta wakubwa wenye afya njema waliojiandikia ulemavu mkubwa. Tangu hapo chama cha wapiganaji wa nchi ile kimegawanyika mara kwa mara, kila upande ukiwaita wenzao wapiganaji bandia.

Nimekwisha kusema mengi juu ya wazee, na sasa sina budi kusema juu ya watoto na wajukuu, ambao ndio wenye vyama leo. Mzee, hata awe mgomvi, ana jambo moja ambalo mrithi wake hana: alikuwapo. Anaweza kumwambia mwenzake, wewe sikukuona. Na mwenzake anaweza kujibu, hukuniona kwa kuwa nilikuwa upande wa pili wa mto, na wote wawili wataujua mto huo. Mjukuu hana mto. Ana jina la ukoo, kadi ya chama na picha ukutani, na kwa kuwa ithibati yake ni nyembamba hana budi kuishika kwa ukali zaidi. Ndiyo maana mabishano ya warithi aghalabu huwa makavu kuliko ya wenyewe waliomwaga damu. Zaidi ya hayo, mgombea wa kiti akija kutafuta baraka za mashujaa hazioni sura za wazee. Huona chama chenye mwenyekiti, na viti viwili vya mbele katika sherehe ya tarehe 20 Oktoba, ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliiita Siku ya Mashujaa. Mwenyekiti asiyempenda mgombea huyo huundiwa chama cha pili kabla ya kura kupigwa.

Hata kaburi halikusalimika. Kimathi alizikwa katika gereza la Kamiti bila ya alama. Mwaka 2019 wakfu wenye jina lake ulitangaza kwamba kaburi limepatikana; wakuu wa serikali wakasema silo; na taifa likabaki na kauli mbili. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki mwezi wa Mei 2023, akazikwa Njabini katika Nyandarua, na mifupa ya mumewe ilikuwa haijatolewa Kamiti.

Rai yangu juu ya shauri hili ni kwamba daftari moja livunjwe liwe matatu. La kwanza ni la heshima, la waliopigana na waliowalisha wapiganaji, wakiwamo wanawake waliobeba chakula na risasi usiku, ambao vyama vingi vimewaweka nyuma. Hili lisibebe hata shilingi moja, na Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014 imekwisha kufungua mlango wake. La pili ni la madhara, la waliopigwa, waliohasiwa, walionajisiwa na waliokufa kizuizini, na hili liamuliwe kwa hati na kwa ushahidi wa daktari. La tatu ni la uhitaji, la wazee na wajane wasio na ardhi wala pensheni, bila ya kuulizwa walipigania wapi. Mtu aweza kuwamo katika yote matatu au katika moja tu, na kuingia kwake kusimtoe mwingine. Kuhusu hati, zipo kuliko tunavyodhani: mwaka 2011, kwa sababu ya kesi ile ile, Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park mafaili ya makoloni yake, na yapatayo 1,500 kati yake yalikuwa ya Kenya. Mengine yalichomwa moto kabla ya bendera kushushwa, lakini yaliyosalia yana majina, na majina hayo yaliandikwa na watu wasiokuwa na sababu ya kumpendelea mjukuu wa mtu yeyote.

Ila karatasi za adui hazitoshi, nami nawaomba wasomaji wangu walio wajukuu wa wapiganaji, na vilevile walio wajukuu wa homugadi, wasingoje chama wala serikali. Ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee au bibi aliyekuwapo, mwandike: jina lake, kijiji chake, kambi alizopitia, majina ya wenzake aliowaona kwa macho yake, na hasa majina ya wale wa chama kile kingine ambao leo hasemi nao, kisha nakala moja ipelekwe katika Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ambako hakuna mwenyekiti wa chama awezaye kuifuta. Fanyeni hivyo mwaka huu, kwa maana aliyeingia msituni mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka kumi na minane alizaliwa mwaka 1934.